Mkono wa Gauni la Wifi

Mimi kukosea kukata nguo? Labda niwe maiti! Ndiyo maana wifi yangu aliponirushia gauni lake mbele ya wateja, nilipandwa na hasira, nikaubwaga mkasi mezani.

"Umenikatia mkono mwembamba," akasema. "Mara ya pili hii nafumua!"

Wifi ni dada wa mume wangu, na duka la ushonaji ni letu sote: mimi nakata, yeye anashona. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na umri wa miaka arobaini na minne. Furaha ilitutia wazimu nyumba nzima. Mume wangu, na ndevu zake zote, kila asubuhi alikuwa akilisalimia lile tumbo: "Mjomba yupo hapa!"

Mkunga wa kliniki alitueleza bila kutuficha. Katika umri huo presha hupanda kwa urahisi, hata kwa mtu anayejiona mzima. Uso na mikono vikivimba, kichwa kikigonga, macho yakiona vimulimuli, msingoje siku ya kliniki, njooni. Wifi aliitikia kwa adabu zote. Lakini fundi ni fundi. Nguo ikimbana hauulizi mwili wake, anamlaumu mkataji.

"Lete huo mkono," nikamwambia. "Nakupima hapa hapa, wateja washuhudie nani mwongo."

Nikazungusha futi. Vipimo vyake navijua kwa kichwa, na gauni lilikuwa sawasawa navyo; mkono wake ndio uliozidi. Nimeshinda! Nikafungua mdomo nimtambie, ndipo nikaona futi imeacha alama iliyozama kwenye ngozi. Nikamtazama usoni vizuri. Mashavu yalikuwa yametuna, macho yamebaki madogo.

"Wifi, kichwa kinauma?"

"Tangu jana. Si kelele zako?"

Nikayakumbuka maneno ya mkunga. "Inuka kwenye hiyo cherehani. Twende hospitali."

"Na gauni la bibi harusi?"

"Aazime!"

Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama pale. Ndiye aliyekimbia kutuitia teksi.

Presha ilikuwa imepanda vibaya sana. "Mmewahi," daktari akasema. "Mngelala nyumbani, tungeweza kuwapoteza wote wawili. Mimba imekomaa, mtoto atatoka leo." Wakamtundikia dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Nikabaki kwenye benchi nalia kama mtoto. Nilimwahidi Mungu kwamba akimrudisha, nitamkatia mikono mipana kama magunia, na sitabishana naye tena. Mume wangu, aliyekuwa ametufuata na sasa akizunguka ukumbini, alisimama kidogo aliposikia ahadi hiyo ya pili. Hakuiamini.

Walitoka salama. Binti, tena mwenye sauti! Wifi alilazwa wodini, bado anapimwa presha kila mara, amechoka, midomo imemkauka. Muuguzi akaingia na kifurushi kinachopiga kelele.

"Mama yake yuko wapi? Huyu ana njaa!"

Wifi, ambaye miaka yote nyumbani kwetu ameitwa shangazi, akageuza shingo kuutazama mlango, amwone huyo mama akiingia.

"Ni wewe!" nikapiga kelele. "Jamani, ni wewe!"

Akanitazama. Akamtazama muuguzi. Machozi yakaanza kumtiririka, huku anacheka na kushika mshono wake kwa maumivu.

"Ni mimi," akasema. "Mlete. Mama yake ni mimi."