Breki za Mkaguzi

Mkaguzi alikuwa hodari wa kupima. Maisha yake yote ya kazi alizunguka masokoni akikagua mizani, na wauza nyama walipomwona akiingia waliondoa kidole gumba kwenye sinia bila kuambiwa. Mtu wa namna hiyo hatarajiwi kusema uongo, na kwa kweli hakuwa na mazoea nao. Aliusema mmoja tu wa maana, ujanani, na ndio huo uliokuja kumtoa jasho uzeeni.

Aliusema akimtaka mkewe. Binti alikuwa akisomea ukunga, akienda chuoni kwa baiskeli, kidevu juu, na alikwisha tamka mbele ya watu kwamba mwanamume asiyejua baiskeli hamfai. Mkaguzi hakuwahi kukalia hata baiskeli ya mtoto. Akamwambia kwamba yeye alikuwa mshindani wa mbio za baiskeli. Binti alipotoa macho kwa furaha, jamaa akazidi kutia chumvi, mpaka mbio zile zikapata mlima, mvua, na wapinzani wawili walioanguka mtaroni. Ndoa ikafungwa. Watoto wakazaliwa, wakafundishwa baiskeli na mama yao, kwa sababu kila baiskeli ilipotolewa nje baba alikuwa ameitwa kazini haraka.

Basi siku zikaenda, wote wawili wakastaafu. Mkunga hakupoteza muda. Alikwenda kwenye mnada wa vitu vilivyotumika, akarudi na baiskeli mbili za barabarani, zile nyepesi zenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Nyekundu yake, ya buluu ya mumewe.

"Sasa tutatembea," alisema, akiifuta ile ya buluu kwa upindo wa kanga. "Ulikuwa huna nafasi. Sasa unayo."

Mkaguzi aliona siku yake imefika. Akaizunguka baiskeli ile kama alivyozoea kuzunguka mizani yenye mashaka, na hapo akaona kitu kilichomrudishia roho. Haikuwa na breki. Mwenyewe wa zamani alikuwa amezifungua, yakabaki matundu matupu.

"Mke wangu, chombo hiki hakina breki."

"Kanunue basi. Fundi yuko hapo mbele."

"Breki hazinunuliwi hivi hivi," Mkaguzi alisema kwa sauti ya ofisini. "Zinachaguliwa."

Akaanza kuchagua. Fundi Spoku, mwenye kibanda mkabala na kituo cha mafuta, alikuwa na msimamo thabiti kuhusu breki, ila ulikuwa msimamo wa mteja aliyesimama mbele yake. Alimwonyesha aina tatu, zote za kubana rimu. Ya kwanza ni koleo ya mhimili mmoja, msumari mmoja tu wa kuzungukia, nyepesi, ya kizamani, inayotaka mkono wenye nguvu. Ya pili ni koleo ya mihimili miwili, nzito kidogo, lakini inauma vizuri hata ukiibonyeza kwa vidole viwili. Ya tatu ni ile ya mikono mirefu iliyosimama pande zote mbili za tairi, inayokamata kuliko zote.

"Ipi bora?" Mkaguzi aliuliza.

"Wewe unapenda ipi, mzee?"

"Ya tatu inaonekana ina nguvu."

"Hiyo hiyo. Mwenye akili haendi kwingine."

"Lakini nasikia inahitaji vishikizo vichomelewe kwenye fremu, na waya wake unavutwa mrefu zaidi."

"Ndiyo maana mimi siipendi hata kidogo," alisema Fundi.

Mkaguzi aliondoka pale amefurahi kama mtu aliyepewa likizo. Kumbe jambo hili lilikuwa na kina. Jumamosi ya kwanza, Mkunga alipotoka na kofia yake ngumu kichwani, mumewe alimweleza habari za mhimili. Jumamosi iliyofuata alimweleza kuhusu raba za breki: zilizo laini zinashika lakini zinakwisha, zilizo ngumu zinadumu lakini zinapiga kelele. Iliyofuata ilikuwa zamu ya mvua na rimu iliyolowa. Mkunga alisikiliza, akaitikia, akapanda baiskeli yake nyekundu, akaenda peke yake.

Balaa ni kwamba alichokuwa akikisema kilikuwa sahihi, na watu wakaanza kumsikia. Jirani yake, Mfamasia, naye alikuwa na baiskeli ya bei mbaya iliyolala sebuleni kando ya runinga. Akaja kuuliza. Akaleta wenzake wa kazini. Haikupita muda kibaraza cha Mkaguzi kikawa na chama kizima, wanaume waliovaa kaptura za kubana na miwani ya kuzuia upepo, na upepo wenyewe hawajaupata. Walikutana kila Jumamosi asubuhi. Baiskeli walikuja wakizikokota, kwa hoja kwamba vumbi la barabarani linakwaruza rimu, na si busara kuikwaruza rimu kabla hujaamua breki. Walimwita Mkaguzi Profesa. Mtu mzima akaitwa Profesa akavimba kichwa, akawa anajibu maswali huku amefumba macho.

Ila usiku kitandani, Mkunga akimsimulia alikofika siku hiyo, barabara ile ya chini yenye kivuli, Profesa alikuwa akitazama dari na kujiona mwizi. Alitamani amwage mtama wote. Kisha angekumbuka kidevu kile cha binti wa chuo, akaogopa kwamba bado kinasema maneno yale yale.

Siku moja Mkunga aliweka kikombe chake chini akamwangalia usoni.

"Mume wangu, unajua kwa nini nilinunua baiskeli mbili?"

"Kwa ajili ya mazoezi."

"Ningetaka mazoezi ningenunua moja."

Mkaguzi akaanza kukoroga chai aliyokwisha kuikoroga.

"Dada yangu ametoka hospitali," Mkunga aliendelea. "Jumamosi nakwenda kumwona kwa baiskeli. Ukija nami nitafurahi. Usipokuja, sitakuuliza tena."

"Hutaniuliza Jumamosi hiyo tu?"

"Sitakuuliza tena kabisa. Na ile ya buluu nitampa mtu."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha. Mkaguzi alimjua mkewe. Akigomba, mambo yatapoa. Akiongea taratibu namna hii, amekwisha kata kauli. Alitoka hapo hapo kwenda kwa Fundi, akachukua koleo ya mihimili miwili, maana fremu haikuwa na mahali pa ile ya tatu na viganja vyake havikuwa na ubavu wa ile ya kwanza. Uamuzi huo mtu yeyote angeufanya tangu siku ya kwanza akisubiri chenji. Fundi alimsifu sana.

Jumamosi chama kizima kilifika mapema, maana habari zilikwisha enea kwamba Profesa ameamua. Mkunga alikuwa keshatangulia getini, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Mkaguzi alipitisha mguu wake juu ya ile ya buluu kwa shida, akakamata breki zote mbili kwa nguvu zake zote, akasimama. Baiskeli haikuondoka hata unywele.

"Mnaona?" Mfamasia alinong'ona. "Mnaona inavyokamata?"

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Mmoja alichuchumaa kuzitazama raba. Mkaguzi aliendelea kubana, vidole vikimwuma, jasho likimtiririka ndani ya kofia. Alimwona Mkunga akitazama saa, kisha akitazama barabara.

"Mimi sijui kuendesha baiskeli," Mkaguzi alisema.

Wanachama walicheka kwa heshima.

"Sitanii. Sijui. Sijawahi kujua."

"Sikilizeni hayo," alisema Mfamasia, mkono kifuani. "Msomi wa kweli ndivyo anavyojishusha. Anatuambia kwamba hakuna ajuaye kwenda kama hajajua kusimama."

Walikubaliana kwamba hayo ni maneno mazito. Mtu mmoja tu alimwamini. Mkunga alikuwa akiangalia mikono ya mumewe ilivyozing'ang'ania breki, na katika kazi yake alikwisha ona mikono mingi ya watu wenye hofu. Alisogea karibu, akauliza polepole wengine wasisikie.

"Na mlima? Na mvua?"

"Hapakuwa na mlima."

"Na wale wawili wa mtaroni?"

"Niliwaangusha mwenyewe, kwa mdomo."

Mkunga alikasirika, na hasira yake ilionekana mpaka masikioni. "Uongo wa ujana ningekusamehe jioni ile ile," alisema. "Lakini umeniacha nitembee peke yangu wiki baada ya wiki huku unanihubiria raba." Akageuza baiskeli nyekundu, akatoka getini bila kuaga.

Mkaguzi alishuka. Alizisikia sauti nyuma yake zikimwuliza waya ukazwe kiasi gani, hakujibu. Aliikamata ile ya buluu usukani akaanza kuikokota barabarani kumfuata mkewe, akitembea haraka kadiri magoti yalivyomruhusu, kofia ikimpwaya. Chama kiliangaliana. Kisha Mfamasia akaanza kukokota yake, na wengine wakapanga mstari nyuma yake, wakiwa na uhakika kwamba hiyo ndiyo hatua ya pili ya majaribio.

Kwenye kona Mkunga aligeuka akaona msafara ule, na mbele yake mzee mmoja mwekundu wa macho anayehema. Alitaka kuendelea. Akasimama.

"Kwa mwendo huo utafika jioni."

"Nitafika," alisema Mkaguzi.

Mkunga alishuka, akaanza kuikokota yake kando ya mumewe. Walitembea mpaka nyumba za mtaa wao zikaisha.

"Kesho asubuhi tunakwenda kiwanjani," Mkunga alisema. "Nitashika kiti kama nilivyowashikia watoto. Na nikisikia habari ya breki hata mara moja, naachia."