Vipande vya Bafta

Barua ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Ilisema kuwa Mashavu, dereva, ameiua giaboksi ya gari ya kampuni kwa uendeshaji wa ovyo, kwamba amekiri, na kwamba anaacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiari, ati! Abdulrazak, mwenye yadi hiyo ya magari ya watalii Kiembe Samaki, aliisogeza kwa kidole kimoja kama anayesogeza sahani ya makombo.

"Tia saini, Bi Mashavu, tuachane kwa salama."

"Sitii."

"Jana gari imekataa kwenda pale Mtoni, na wageni wamo ndani. Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mimi. Na nani alokwambia miezi mitatu mizima kuwa itakufa?"

Mashavu hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa na miaka tisa siku baba yake, dereva wa lori la nazi, alipowekewa karatasi kama hii. Klachi ilikuwa mbovu, mwenye lori akijua. Baba akabonyeza dole gumba bila ya kusomewa, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu Unguja nzima aliyempa ufunguo wa gari. Mashavu bado alimwona uani, akisugua ule wino kwa ndimu, na wino hautoki.

Ndiyo maana alisikiliza gari yake. Ilikuwa otomatiki. Mwanzo, asubuhi, ukitia gia ya kwenda mbele husita kidogo, kisha hushtuka kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Baadaye ikawa kwenye mwinuko injini inanguruma lakini gari haivuti. Ikaja harufu ya kuungua, na tone jekundu sakafuni. Kila mara alikwenda kusema.

"Bi Mashavu una masikio," Abdulrazak alicheka siku moja mbele ya madereva wote. "Unasikia mpaka vyuma vinanong'ona! Kashone kofia zako."

Basi alishona. Wenzake wakisinzia kiwanja cha ndege kungoja wageni, yeye alikuwa na sindano na kitambaa cheupe cha bafta, anatoboa vitobo vya kofia. Makombo ya bafta hakuyatupa. Kila Jumatatu, gari imeshapata joto, injini inawaka, imesimama sawasawa, alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakifutia kwenye kipande, na pembeni akatia tarehe kwa uzi.

Sasa alifungua mkoba, akavipanga vipande kumi na viwili juu ya barua, kimoja kimoja, bila ya haraka. Cha kwanza kilikuwa chekundu kama sharubati ya komamanga. Vya katikati rangi ya chai. Cha mwisho cheusi, kinanuka ukoko ulioungua.

"Hivi vitambaa vya jikoni," alisema Abdulrazak.

"Jikoni kwetu hatutii tarehe. Fundi Jecha!"

"Naam," aliitika fundi wa yadi, akasimama mlangoni.

"Kipande hiki cha saba kimegeuka ghafla. Wiki hiyo ulitia nini?"

Jecha alitazama viatu vyake. "Mafuta ya injini."

"Kwenye giaboksi?"

"Nlisema hayafai, dada. Nkaambiwa mafuta ni mafuta, toa kwenye pipa utie." Akamwonesha bosi kwa kidevu. "Magari yote manne."

Dirishani alikuwa amesimama Muhammad, na nyuma yake Nadhira, madereva wenzake.

"Bosi," alisema Muhammad, "na yangu inashtuka asubuhi. Mi nlidhani mguu wangu mzito."

"Ndege inatua saa nane!" Abdulrazak aliinuka. "Nendeni mkachukue wageni. Haya ya giaboksi tutayazungumza baadaye."

"Baadaye ndiyo ilokufa Mtoni jana," alisema Nadhira, akamrushia Mashavu ufunguo kupitia dirishani. "Pima na yangu."

Mashavu alivikusanya vipande vyake, akaichukua na barua, akatoka. Nadhira alifungua boneti, gari ikawashwa, ikaachwa mpaka ikapata joto. Makombo safi ya bafta yalikuwa yamekwisha. Mashavu alichomoa kijiti, akakifutia kwenye barua, pale pale palipoachwa nafasi ya saini. Doa likatanda, la rangi ya kahawa.

Akamrejeshea barua Abdulrazak, aliyekuwa amewafuata na simu mkononi.

"Weka kwenye faili lako. Mimi sikuiua gari, nlikwambia inakufa. Na gari hizi tatu zilobaki bado hazijafa."

Abdulrazak alilitazama doa. Akawatazama madereva watatu, wamesimama bila ya kusogea, hakuna aliyeingia garini. Simu ikalia mkononi mwake, hakuipokea.

"Jecha," alisema mwishowe, sauti ndogo, "yamwage mafuta yote. Tia yanayostahiki. Mimi ntatafuta teksi za wageni."

Jecha alikuwa keshaingia chini ya gari.

Mashavu akakaa kwenye kizingiti, akatoa sindano na kofia.

"Na wewe sasa unangoja nini hapo?" Abdulrazak alimuuliza.

"Jumatatu," alijibu, akilowesha uzi mdomoni. "Nipime."