Mfano wa Omate

Programu yenyewe ilikuwa nzuri, tusiisingizie. Ilionyesha ni kituo gani cha afya kina dawa gani, ikafanya kazi hata mtandao ukikatika, na ilikuwa huria: yeyote angeweza kuichukua, kuitumia na kuirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Ila ilimchosha mgeni. Muuguzi akiifungua mara ya kwanza alikutana na mifano ya hospitali za Ulaya, majina ya kuvunja ulimi, na wengi waliifunga palepale wakarudi kwenye karatasi zao.

Jambo hilo lilimuuma sana Dancille. Alikuwa binti wa Nyabiondo, amesoma informatique, elimu ya kompyuta, huko Goma, kisha akarudi kwao kulima maharage na kuandika programu kwa umeme wa jua. Vita vilikuwa vimefunga njia, na hakuna mwalimu ambaye angezunguka vituo vya Masisi na Walikale kufundisha. Basi programu ijifundishe yenyewe. Aliandika maelekezo kwa Kiswahili cha nyumbani, akafuta mifano ya Ulaya na kuweka ya kwao. Palipokuwa na hospitali ya Lyon aliandika Omate, kule machimboni. Palipokuwa na dawa asiyoijua mtu aliandika sérum, dawa ya sumu ya nyoka, chupa sita. Chini kabisa akaweka mstari kwamba huo ni mfano tu. Kwenye kompyuta yake mstari ulionekana vizuri. Kwenye simu ndogo uliangukia chini ya kioo, na nani atashuka huko ikiwa anachokitafuta kiko juu?

Wasimamizi wa programu, watu wa mbali asiowahi kuwaona, walimshukuru sana. Haikupita muda, Gustave, muuguzi wa Mpofi, akamtumia ujumbe wa sauti.

«Dada Dancille, iko natumika! Nilifwata maneno yako moja moja, sikuita hata muntu wa kunisaidia.»

Dancille aliusikiliza tena na tena, akicheka peke yake kwa furaha. Hakumuuliza ameona nini ndani.

Kisha Jeannette akaumwa na nyoka akichimba mihogo. Mume wake, Prince, alimbeba mgongoni hadi kwa Gustave, na Gustave hakuwa na sérum. Dereva wa pikipiki aliyempakia alikuwa tayari ameelekea barabara ya Walikale, ambako sérum ilikuwepo kweli. Gustave akafungua simu, akaona Omate ina chupa sita, akamgeuza dereva aende huko. Huko machimboni walikuta vidonge vya malaria na bandeji. Jeannette alikata roho mlangoni, mume wake akiwa bado anabishana na watu kwamba dawa ipo, waitafute vizuri.

Mpofi nzima ilisema Gustave alimdanganya mgonjwa makusudi, na wapo waliosema naye afe. Gustave alimpigia Dancille akilia, akitaja Omate na chupa zake sita. Dancille aliufuta mfano asubuhi hiyo hiyo, akapanda pikipiki kwenda msibani. Aliogopa njia nzima, lakini hakumwambia dereva arudi.

Alimkuta Prince ameketi kwenye mkeka, wanaume wa ukoo wakiwa pembeni yake. Gustave alikuwa amewekwa peke yake ukutani. Dancille akapiga magoti.

«Papa Prince, haiko Gustave. Ni miye niliandika Omate.»

«Ulienda kule, ukaona dawa?»

«Hapana, Papa. Sijafikaka Omate.»

«Sasa juu ya nini uliandika?»

«Nilitaka ikuwe mwepesi kwa bantu bapya.»

Prince hakupaza sauti. Afadhali angempiga.

«Ilikuwa mwepesi,» alisema. «Zamani Gustave alikuwa anaita kwanza kwa redio ya phonie, anangoja wale ba Omate bamujibu kama dawa iko. Ile siku hakuuliza muntu.»

Gustave aliinama akafunika uso.

«Umeshafuta?»

«Ndiyo, leo asubuhi. Lakini simu yenye haipate réseau ya internet itabakia na ya zamani.»

Prince aligeuka akawatazama wanaume wa ukoo, akamrudia Dancille. «Basi simama tuende kwa phonie. Tuite bote benye iko na ile programu ya zamani, mbele muntu mwengine atumwe Omate. Ni banani?»

Programu huria haimuulizi jina anayeichukua. Muuguzi humpa jirani yake, simu kwa simu, naye akampa mwingine ng'ambo ya mto, na tangu alipoyaandika yale maelekezo mazuri hakuna aliyehitaji kumpigia tena.

«Sijue, Papa,» alisema.

Prince alikuwa amekwisha kusimama. Alibaki amemtazama, akingoja amtajie hata mmoja.