Msiba wa Mto Kwemvumo

Mwaija hakuwahi kuficha kwamba alipoolewa Kwemvumo aliupenda mto kwanza, mwanamume baadaye. Kwao Kwedizinga, upande wa Handeni, maji yalikuwa safari: unatoka na mtungi alfajiri, unarudi jua la utosi, shingo imezama mabegani, na ukijikwaa njiani ndiyo umeoga. Kwa hiyo Kibwana alipoleta posa na kusema nyumba yake iko Korogwe, jirani na Kerenge, nyuma yake mto, Mwaija hakuuliza tena habari ya tabia wala ya ukoo. Kibwana mwenyewe aliwasimulia wageni jambo hilo huku akicheka. Alikuwa mtu mpole, na kushindwa na mto hakukumuumiza.

Lakini sasa mto ulikuwa unanuka.

Vita ya Hitla ilikuwa imekwisha, mkonge umepanda bei, na Mgiriki, meneja wa shamba lililo juu ya kijiji, alikuwa ameleta korona mpya, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Nyuzi zilikwenda Tanga zikapanda meli. Makapi na maji yake ya kijani hayakupanda chochote, yalisukumwa mtoni yakaja Kwemvumo. Samaki walielea matumbo juu. Watoto waliooga walijikuna kutwa nzima, na wali uliopikwa kwa maji yale ulikuwa na ladha ya kamba za mkonge. Wanakijiji walikwenda kulalamika, na kila walipokwenda Mgiriki aliwajibu, “Kesho.” Ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote, na wakamwita Bwana Kesho.

Mwishowe Bwana DC akaja kufanya baraza. Alisema Kiswahili cha vitabuni, safi, hakina hata vumbi. Jumbe Mwinjuma, mkuu wa kijiji, alikaa pembeni yake na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake.

“Mkonge ndio mali ya nchi hii,” alisema Bwana DC. “Serikali haiwezi kufunga kiwanda kwa ajili ya kijito. Bwana Meneja, huwezi kuchimba shimo la uchafu?”

“Shimo likiwepo, mimi napeleka maji huko,” alijibu Bwana Kesho, akinyoosha mikono. “Lakini nani achimbe? Watu wangu wote wanakata majani.”

“Basi kijiji kitahama baada ya mavuno. Mtakwenda kule kilimani, na ardhi ya mtoni itapewa shamba.”

“Ndiyo, bwana,” alisema Jumbe, kabla sentensi haijatua.

Mwaija akasimama. “Bwana, kule kilimani maji yako wapi?”

“Mtachimba kisima, mama.”

“Nani achimbe?”

Watu wakaangua kicheko. Bwana DC akatazama saa yake, na baraza likaisha.

Mwaija hakucheka. Njiani kurudi nyumbani alimwona binti yake Tatu ametangulia, mtungi kichwani, anaimba, hana habari. Akamwona akilini yuko kule kilimani, shingo imezama mabegani kama yake ya zamani, akalia palepale barabarani. Mto ule ndio aliokuwa amemchagulia mtoto wake kabla hajamzaa, na sasa ungeondoka kwa sababu hapakuwa na watu wa kuchimba shimo!

Alikuwa bado anafuta machozi alipokutana na Ponsiano, mnyapara wa korona, Mnyamwezi mrefu mwenye kofia ya jua na mdomo usiolala.

“Nasikia mnahama, watani! Nyinyi Wazigua hata maji yamewashinda kutunza?”

Msomaji asije akadhani Ponsiano alikuwa mtu mbaya. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na kubeba kuku wako mchana kweupe, na ukikasirika mwenye aibu ni wewe. Lakini ukifiwa, mtani huyohuyo huja na jembe kuchimba kaburi, akikutania mpaka ucheke katikati ya machozi, na hakuna Mnyamwezi aliyewahi kuitwa kwenye kaburi la mtani wake akakataa.

Mwaija alifungua kinywa amrudishie tusi zuri alilokuwa nalo tayari. Akakifunga. Alimtazama Ponsiano kuanzia kofia hadi viatu, halafu akaenda zake bila kujibu, jambo lililomtia Ponsiano wasiwasi kuliko tusi lolote.

Jumamosi jioni wanawake wa Kwemvumo walipanda kwenye kambi ya wafanyakazi, wengi wao Wanyamwezi, kaniki zimefungwa vichwani, mikono utosini, wakilia. Mbele alikuwa Mwaija na ungo uliofunikwa jani la mgomba. Kibwana alikuwa amejaribu kumzuia. “Mke wangu, mwalimu wa chuo cha Kurani atasema nini?” Akajibiwa kwamba hapatasomwa dua wala kuvikwa sanda, ni utani tu, na utani mwalimu haufundishi.

Ponsiano alivua kofia. “Poleni sana, watani. Nani ametutoka?”

Mwaija akafunua ungo. Samaki wakavu wametoa macho. “Mto.”

Mmoja akacheka, halafu kambi nzima. Mwaija alijizuia mpaka mbavu zikamuuma.

“Cheka, muuaji, ndiyo haki ya mtani. Ukimaliza chukua jembe. Au siku hizi Wanyamwezi wanaua halafu kuzika wanawaachia wanawake?”

“Mtani, mto hauzikwi.”

“Nimekuja kukuuliza fatwa?”

Mzee Laurenti, mkataji mkongwe kuliko wote pale kambini, alikuwa amekwisha kuinuka. “Mimi nachimba. Habari ikifika Tabora kwamba tumeletewa msiba na watani tukaufukuza, mama yangu hatanifungulia mlango.”

Ponsiano alikuna kichwa. “Haya. Marehemu ana urefu gani?”

“Mrefu mno, mwili wote hatuuwezi. Tutazika sumu mliyomuua nayo: makapi na maji yake. Kaburi liwe pale bondeni chini ya korona, pana, la kina, na mfereji wa kumfikisha.”

Ponsiano alimkazia macho mwanamke yule. Kisha uso wake ukapasuka kwa kicheko. “Jamani, Mzigua huyu mwizi! Anatuibia Jumapili yetu na sisi tunampa pole!”

Wakachimba. Jumapili asubuhi bonde lilijaa majembe, sururu na nyimbo. Wanaume wa Kwemvumo walibeba udongo kwa makarai, wanawake wakapika ugali na mbaazi. Kijana mmoja wa Kinyamwezi alijilaza ndani ya shimo, akasema analipima, na hatoki mpaka apewe muhogo wa kuchoma. Akapewa. Akajilaza mwingine. Wengine walikuja na malalamiko kwamba marehemu katika uhai wake aliwahi kuwaibia sabuni na suruali, wakataka fidia, na Mwaija akawaambia wazifuate humohumo kaburini. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kucheka namna ile.

Bwana Kesho alishuka amevaa pajama na kofia yake. “Nini hii?”

“Msiba, bwana,” alisema Ponsiano.

“Nani amekufa?”

“Mtani, bwana.”

Bwana Kesho aliwahi kumnyima mtu ruhusa ya kwenda mazikoni, na kambi nzima ikaweka mapanga chini mpaka mkonge ukaanza kuharibika. Somo lile lilikuwa limemwingia. Akavua kofia, akasimama kidogo kwa heshima, akarudi kwenye kahawa yake.

Jumatatu jioni Bwana DC alipokuja kutazama kama watu wameanza kufunga mizigo, hakuona mzigo hata mmoja. Aliona kijiji na kambi vimesimama pamoja kando ya shimo ambalo tembo angepotelea. Bwana Kesho alikuwa pale pia, ameanza kuelewa, na uelewa huo haukumpendeza.

“Nani amechimba?” aliuliza Bwana DC.

“Watu wa msiba, bwana,” alisema Mwaija. “Bwana Meneja alisema mbele yako kwamba shimo likiwepo atapeleka maji huko. Shimo lipo.”

Bwana DC akamgeukia Mgiriki. Watu wote wakamgeukia. Maskini, kinywa chake kikafanya kilichozoea.

“Kesho,” alisema.

“Kesho!” uliitikia umati, watani kwa watani, mpaka ndege wakaruka mitini. Bwana DC aliuma mdomo, lakini sharubu zake zilimsaliti.

“Leo,” alisema.

Ponsiano akapiga jembe kwenye ukingo wa mwisho wa mfereji. Maji ya kijani yalisita, yakauona mfereji, yakageuka. Jumbe Mwinjuma akasema, “Ndiyo, bwana,” na mpaka leo haijulikani alikuwa akimjibu nani. Habari ya kuhama haikusikika tena.

Mvua zikaja zikauosha mto. Siku ya arobaini Ponsiano alishuka Kwemvumo na kundi lake, wamechana nywele, wakauliza pilau iko wapi. Mwaija akawaambia hakuna arobaini, maana marehemu amefufuka. Wakamwita bahili, wakatishia kubeba mbuzi, wakacheka. Kisha akachota maji mtoni kwa kata, akampa Ponsiano mkononi.

Ponsiano aliyatazama. Yalikuwa maangavu, na ndani yake ilionekana kata mpaka chini. Kwa mara ya kwanza utani ulimwishia.

“Mtani,” alisema taratibu, “kila siku nilikuwa nasimama pale juu naona uchafu unaondoka. Nilifurahi kwamba umeondoka. Sikuwahi kujiuliza unakwenda wapi.”

“Ulikuwa unakuja kwangu,” alisema Mwaija. “Kunywa.”

Ponsiano akanywa yote, akarudisha kata, akaomba nyingine.