Kiingereza cha Lifti

Naapa kwa masikio yangu yote mawili, pamoja na la kushoto ambalo siku hizi linasikia linapotaka, kwamba kisa hiki ni kweli tupu.

Nilikisimulia juzi nikiwa kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi wetu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mkono wake mwepesi, ulimi wake mwepesi zaidi. Kibandani kwake kuna sheria moja isiyo na rufaa: anayenyolewa ruksa kusimulia lolote, ila akinaswa na uongo kabla kitambaa hakijatolewa shingoni, anafagia nywele za wote, kisha anafunga mdomo humo ndani mpaka zake ziote zihitaji kunyolewa tena. Kwa kijana hiyo ni adhabu ya kupita. Mimi nimebaki na nywele za kuzunguka masikio tu, nazo huota kwa kusitasita. Na mstaafu akinyimwa kusema, amebakiwa na nini?

Fundi Saa, mwenzangu wa benchi, akanichokoza. "Leo vipi, bwana? Umeishiwa?"

"Mimi? Keti uelimike."

Nikaanza. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwendesha lifti katika jengo la maofisi lenye orofa sita. Kiingereza sikukisoma darasani, nilikiokota humo. Tabu ni kwamba watu wa lifti hawamalizi sentensi. Mmoja anaingia akisema, "It's a piece of..." anavuta pumzi, mlango unafunguka, huyoo kashuka. Kipande cha nini? Cha mbao? Cha sabuni? Chakula hakipiti, nawaza kipande. Kesho yake anapita mwingine anamalizia, "...a blue moon." Mwezi wa buluu! Walianzia wapi mpaka wakafika mwezini?

Basi jioni nyumbani nikawa nashona, mwanzo wa huyu na mkia wa yule. Nikapata kipande cha mwezi wa buluu. Kilinipendeza, nikakitumia miaka.

"Ulimwambia nani?" shemeji akauliza, mkasi ukinililia sikioni.

"Kila aliyeingia. Wakubwa walitabasamu kwa adabu."

"Wangefanyaje, masikini, mlango umefungwa."

Nikajifanya sikusikia. Ikaja siku ya wageni. Meneja wa orofa ya sita alikuwa amealika watu kutoka ng'ambo kwa biashara ya karatasi, na jengo zima lilijua kwamba wageni wasipokubali, ofisi ile inafungwa. Akashuka kuwapokea mwenyewe, jasho linamtiririka, akaninong'oneza, "Wasalimie vizuri, tafadhali."

Nikachagua mshono wangu bora. Nikamwinamia yule mama mwenye miwani, mkuu wa wageni, nikasema, "Madam, in this house we kill two birds with a pinch of salt."

Mwanzo niliupata kwa mhasibu, mkia kwa mwanasheria. Leo najua kwamba ndege wawili huuawa kwa jiwe moja, na kwamba chembe ya chumvi ni ya kumezea maneno ya mtu usiyemwamini. Siku ile sikujua. Nilichojua ni kwamba yasikika vizuri.

Yule mama akanitazama juu ya miwani yake. Tulipofika orofa ya tatu akashika ukuta, akapumzika kidogo, akayarudia maneno yangu polepole. Kisha akamgeukia meneja: maana yake nini?

Meneja hajui. Lakini ataanzaje kukiri? "Ni methali ya hapa kwetu," akasema. "Mwenye subira hahitaji jiwe. Hunyunyiza chumvi, akangoja, ndege wakaja wenyewe."

"Na sisi tumekuja na mawe," akasema yule mama, macho chini. Juu hawakubishana hata neno. Wakatia saini kabla kahawa haijapoa. Na baadaye akaja mgeni mwingine kabisa, wa nchi nyingine, nikamsikia akimwambia mwenzake maneno yale yale, eti aliyarithi kwa bibi yake!

"Kwa bibi yake!" Fundi Saa akapiga paja.

Nikajiegemeza. Kilichobaki ni kitambaa tu. Shemeji akakishika ncha, asikivute.

"Swali moja, shemeji."

"Uliza hata kumi."

"Lifti inapanda kwa umeme au kwa miguu?"

"Kwa umeme. Swali gani hilo?"

"Mbona watu wako wote wamechoka? Wa kwanza kavuta pumzi katikati ya maneno. Meneja kashuka na jasho. Mama wa watu kafika orofa ya tatu kashika ukuta, anapumzika. Mtu aliyesimama ndani ya lifti anachoshwa na nini?"

"Joto," nikasema. "Mle ndani mlikuwa na joto."

"Lifti ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwepo."

"Sijauliza kama ilikuwepo."

Nikamtazama kwenye kioo. Wembe ulikuwa bado mkononi mwake, karibu na sikio langu zima. "Kabla sijaajiriwa," nikasema, "inasemekana ilitembea vizuri sana."

Fundi Saa nusura aanguke benchi. "Sasa wewe ulikuwa unaendesha nini, bwana?"

"Nilikaa mlangoni kuwaambia watu imeharibika, wapande ngazi. Wageni wa heshima niliwasindikiza. Lakini habari ya ndege na chumvi..."

"Fagio liko nyuma ya mlango," shemeji akasema, akavuta kitambaa. "Na neno la mwisho limeshakutoka."

Nikainama nikafagia, nywele nyeusi za watu na mvi zangu chache. Mara akaingia mteja, kijana wa suti, simu sikioni, anaongea kwa ukali: "No, no. Let sleeping dogs..." Simu ikakatika. Akaitazama, akaitia mfukoni, akakaa.

Mbwa waliolala! Waachwe wafanye nini? Waamke? Walishwe? Nikamkodolea macho Fundi Saa aniulizie. Akaangalia dari, anatabasamu kama bwana harusi. Nikamgeukia yule kijana, nikafungua mdomo.

"Fagia, shemeji," sauti ikatoka nyuma yangu. "Fagia."