Neno la Kinyozi

Neno lenyewe ndilo lililomtoa Batnoamu ukelele. Nilikuwa uani nasaga shayiri, mama akasema tu, "Galabu anakuja asubuhi."

Kwetu galabu ni kinyozi, basi. Lakini Batnoamu, mateka ambaye kaka yangu Pelatia alimleta kutoka vitani, aliruka akajibana ukutani, nywele zake kazikumbatia kwa mikono miwili. Jiwe la kusagia likanisimama mkononi.

Pelatia akacheka. "Umeona, mama? Mwenyewe hataki. Nywele zile zinafika kiunoni, nizimwage mavumbini?"

"Sheria ni sheria. Anyolewe, akatwe kucha, awalilie wazazi wake mwezi mzima, ndipo awe mkeo."

"Atanyolewa siku nyingine."

"Siku nyingine utakuwa umemchoka. Nakujua mwanangu, hata punda ulimchoka."

Mimi nilijua zaidi, maana juzi kisimani nilimwona kaka na mfanyabiashara wa Midiani, wananong'ona huku wakiitazama nyumba yetu. Mateka aliyenyolewa, mume akimkataa, huenda zake huru wala hauzwi. Asiyenyolewa ni mali kama mbuzi.

Mama na kaka walipotoka, nikamsogelea Batnoamu. Alikuwa wa pwani, na maneno yao mengi yanafanana na yetu.

"Dada, unaogopa nini?"

"Galabu," akasema, meno yakigongana. "Kwetu yumo hekaluni, ananyoa watu wa mungu. Ukishanyolewa wewe ni wa mungu, hutoki tena. Dada yangu aliingia. Mama alikufa akimngoja."

Nikapigwa na butwaa. Neno ni lile lile!

"Galabu wetu ananyoa hata wazee wenye chawa," nikamwambia. Kisha nikamweleza yote, na yule Mmidiani sikumwacha.

Akaziachia nywele zake. "Si kaka yako huyo?"

"Ni kaka yangu," nikasema, nikarudi kwenye jiwe langu.

Asubuhi mzee Zikri akaja na wembe wake. Pelatia akasimama mlangoni.

"Rudi, mzee. Hakuna kazi hapa."

"Basi nikunyoe wewe. Ndevu zako bado zinanuka vita."

Wakiwa wanabishana hivyo, Batnoamu akapita katikati yao. Hakukimbia. Alitembea kichwa wazi, nywele zikimwagika mgongoni, mpaka lango la mji walipoketi wazee wetu. Nasi nyuma, mama akiita, "Yarabi, yarabi!" Mwanamke kichwa wazi langoni! Wanawake waliotoka kisimani waliziba midomo. Mzee mmoja aligeuza uso.

Akaketi chini mbele yao. "Galabu," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. "Ninyoe."

Zikri akawatazama wazee. Hakuna aliyemkataza. Wembe ukaingia.

"Mwacheni! Ni wangu huyo!" Pelatia akaja mbio, akashika nywele avute. Wembe ulikuwa umeshapita. Akarudi nyuma akipepesuka, fungu zima la nywele mkononi, na mwenyewe yuko pale pale chini, kichwa cheupe upande mmoja.

Hakuna aliyecheka. Hata Zikri, ambaye hucheka msibani, alimaliza kazi yake kimya.

Ndipo Batnoamu akaanza kulia. Alilia kwa majina. Akamwita mama yake. Akamwita baba yake, akaeleza alivyoangushwa kizingitini kwake, na mkuki uliomwangusha ulikuwa na utepe mwekundu.

Utepe ule niliufuma mimi, wa mkuki wa kaka.

Nilimgeukia kaka. "Mama," akasema polepole, "atalia hivi nyumbani kwetu? Mwezi mzima?"

Mama alikuwa amepiga magoti, anamfunika Batnoamu kichwa kwa shela yake mwenyewe. Hakumtazama.

"Wewe ulimuua baba yake kwa siku moja," akasema. "Mwache naye apate mwezi wake wa kumlilia."