Kisima Kilichohama kwa Nyamweya

Nyamweya alipima mahali pa kujenga nyumba ndogo ya mwanawe Wesley kwa kutembea uani asubuhi, akihesabu hatua. Nguzo ya stima hapa. Tangi la maji ya mvua pale. Choo ndicho kilimsumbua. Mke wa mwana hatumii choo cha baba mkwe, hilo kila mtu Rongo anajua, na ploti yao ni nyembamba. Chini, karibu na zizi, nafasi ilikuwepo, lakini Mellen, mke wa Wesley, angepita mbele ya kiti cha mzee kila akienda haja. Kwa hivyo Nyamweya akamwambia fundi Motari achimbe upande wa juu, hatua tisa kutoka kisimani.

Mellen alimtuma mumewe akaseme kwamba mteremko utaleta uchafu kwenye maji, na mtoto wao Joyline ana miaka miwili tu.

"Unataka mke wako anipite na karatasi ya choo mkononi, mimi nikinywa chai?" mzee akamuuliza Wesley. "Mwambie maji hayana macho ya kuona choo kiko wapi."

Choo kilipoanza kutumika, kisima kilisonga hatua nne kuelekea kwa jirani, pamoja na kifuniko na kamba yake. Motari alisema alikichimba vizuri, ndiyo maana hakikumwaga maji njiani. Wiki iliyofuata kikafika kwenye seng'enge. Joyline alikuwa amelazwa na taifodi, kwa hivyo Mellen hakukiona kikivuka. Alikikuta kwa jirani Zilpah, kimetulia kando ya sukuma wiki. Zilpah akamwambia achote tu, maji hayo yamekuja yenyewe. Joyline akapona.

Mama mwenzangu, ukijengewa nyumba katika boma la watu, uliza choo kitakaa wapi kabla ya kuuliza stima. Uliza wewe mwenyewe, usitume bwana. Anayelazwa wodini si mzee.

Nyamweya alichoka kuona ndoo zake zikienda kwa watu. Alisema kisima kisicho na adabu kiende, akamwita Motari achimbe kingine palepale pa zamani. Choo hakikuguswa. Ijumaa maji yakatoka. Mzee alifurahi, akajaza kikombe, akamwita mjukuu.

Mellen alikuwa nyuma ya migomba, mahali mke wa mwana anaposimama baba mkwe akiwa uani. Alimwona Joyline akimkimbilia babu na kukipokea kikombe kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.